Bondia wa Gilgil: Idi Amin tumpe daraja gani?

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akishateremka ukingo wa Bonde la Ufa na kuliacha ziwa la Naivasha mkono wa kushoto, hufika mji mdogo wa baridi uitwao Gilgil. Aghalabu hasimami. Mabasi hupita, malori ya shehena ya Uganda hupita, na reli ya zamani nayo yapita hapo hapo. Sisi watu wa Pwani tuliolelewa na joto, mji huo twaujua kwa jambo moja tu, kwamba ndipo sweta hutolewa mkobani. Lakini Gilgil ni mji wa askari. Kambi ziko tangu enzi za mkoloni, na makaburi ya wanajeshi waliokufa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yako pale, yamepangwa safu safu kama gwaride. Katika kambi hizo, kuanzia mwaka 1947 hadi 1949, aliishi askari mmoja wa jeshi la Keya, kijana wa miraba minne, mrefu wa futi sita na ushei, aliyetoka Uganda bila cheo chochote begani. Jina lake Idi Amin.

Habari zake za baadaye msomaji azijua, na nitazifikia. Nataka kuanza na ngumi, kwa sababu ngumi ndizo zilizotukesha.

Nilikuwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, kwa shughuli ya arusi ya jamaa zetu. Baada ya sala ya isha tuliketi barazani, wazee kwa vijana, buli la kahawa katikati. Nakuru, msomaji ajue, ni mji wa mabondia. Huko ndiko alikotoka Philip Waruinge, aliyeaga dunia mwaka 2022. Waruinge alipata medali ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na juu ya hiyo shaba akapewa kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likitolewa kwa bondia aliyewapita wote kwa ufundi katika michezo hiyo. Waliovaa dhahabu shingoni wakamtazama mwenye shaba akibeba kombe. Miaka minne baadaye, Munich, akaongeza medali ya fedha. Mji huo ulikuwa na ukumbi wake wa ndondi ambao wenyeji waliubandika jina la Madison Square Garden, kama ule wa New York, na hawakuona haya. Katika mji wa namna hiyo hulitaji neno ngumi ukalala mapema.

Basi likazuka lile suali la siku zote, nani bingwa mkubwa wa uzito wa juu tangu dunia iumbwe. Vijana wakamtaja Muhammad Ali, na nani atabishana nao? Wengine wakamtaja Joe Louis, wengine Marciano ambaye alipigana mara 49 asishindwe hata moja. Ndipo mzee mmoja Mnubi, mwenyeji wa Eldama Ravine, akaweka kikombe chini akasema kwamba twaenda mbali bure, ilhali bonde hili hili lilikuwa na bingwa wake, naye ni Idi Amin, na lau Mwingereza angempeleka Ulaya leo tungekuwa tukimtaja pamoja na hao. Baraza likapasuka mapande matatu. Wako waliocheka. Wako waliomuunga mkono. Na alikuweko mtu mmoja wa makamo ambaye hakucheka wala hakuunga, alisema tu kwamba jina hilo lisitajwe mbele ya chakula, akanyamaza. Mimi niliyekuwa mgeni nikaombwa niamue, labda kwa kuwa nashika kalamu. Usiku ule niliomba muda. Hukumu yangu naitoa leo.

Tuanze na mtu mwenyewe. Wengi huandika kwamba alizaliwa mwaka 1925 au karibu na hapo, wengine wakisema Koboko, kule Uganda inakopakana na Kongo na Sudan Kusini, wengine wakisema Kampala. Baba yake alikuwa Mkakwa aliyeacha Ukatoliki akasilimu, na mama yake Mlugbara. Mtoto akapelekwa Bombo, mji wa Wanubi, kusoma Kurani. Mimi niliyekaa juu ya mkeka wa chuo, nikashika ubao na kalamu ya mti, kila nikifika hapa katika habari zake hupata uzito moyoni, kwani namwona mtoto huyo akitikisika kwa kisomo kama tulivyotikisika sisi. Skuli ya kizungu hakuisoma sana.

Mwaka 1946 aliingia Keya, na kazi yake ya kwanza ilikuwa jikoni, msaidizi wa mpishi. Baadaye, alipokuwa mkubwa, alikuwa akisimulia kwamba alipigana Burma. Vita vya Burma vilikwisha mwaka 1945. Liweke hilo akilini, msomaji, kwa sababu katika mambo ya ndondi pia tutakutana na hesabu zilizoongezwa nyama.

Mwaka uliofuata alihamishwa Kenya, akatiwa katika batalioni ya 21, akaletwa Gilgil. Na hapa inafaa tueleze ndondi zilikuwa na kazi gani jeshini. Maofisa wa Kiingereza walipenda michezo kuliko kitu chochote, na kila kikosi kilitaka kuvishinda vikosi vingine. Askari asiyejua kusoma wala kuandika hangeweza kupanda cheo kwa mtihani wa karatasi, lakini aliweza kupanda kwa mbio, kwa kuogelea, kwa mpira, na zaidi kwa ngumi. Bondia aliyeshinda alitajwa na afisa wake mezani, akapewa nyama zaidi, akasamehewa zamu za usiku. Ngumi za ridhaa zilikuwa raundi tatu tu. Katika raundi tatu mtu mrefu mwenye mikono mirefu na pumzi ya mtu aliyekulia milimani ana faida kubwa, hata ufundi wake ukiwa haba. Amin alikuwa na vyote hivyo, na juu yake alikuwa na utiifu ambao maofisa waliupenda mno. Waliona mbele yao askari mkubwa, mchangamfu, anayecheka, asiyeuliza kwa nini.

Siku zile alipokuwa askari wa kawaida pale Gilgil, bingwa wa dunia wa uzito wa juu alikuwa Joe Louis, naye pia alipata kuwa mwanajeshi, wa Marekani. Louis alishika taji tangu 1937 hadi 1949, akalitetea mara 25. Naitaja kwa sababu mzee wangu wa Ravine alitaka tuwaweke ubavu kwa ubavu, na ni haki tuone kipimo chenyewe ni kipi.

Ubingwa wa Amin ulianza mwaka 1951, akaushika hadi 1960. Miaka tisa si kidogo, na asiyetaka kumpa hata hiyo naye hatendi uadilifu. Lakini tuseme wazi ulikuwa ubingwa gani. Ulikuwa ubingwa wa Uganda, nchi moja, katika ngumi za ridhaa. Wala haukuwa wa uzito wa juu kabisa kama wasemavyo wengi barazani. Ulikuwa wa daraja ya chini yake, ile ambayo katika ngumi za ridhaa mpaka wake ulikuwa kilo 81. Watu humkumbuka kwa lile umbo la urais, tumbo na medali kifuani, wakadhani alipigana hivyo. Bondia wa Keya alikuwa mwembamba kuliko hivyo.

Katika miaka yake tisa ya ubingwa yalifanyika mashindano mawili makubwa ya nchi zilizotawaliwa na Mwingereza, moja Vancouver mwaka 1954, jingine Cardiff mwaka 1958. Huko Cardiff Mganda mmoja, Thomas Kawere, alirudi na medali ya fedha ya ndondi. Katika daraja ya Amin dhahabu ilichukuliwa na Tony Madigan wa Australia. Jina la Amin halimo katika medali za Vancouver wala za Cardiff. Kisha ukafika mwaka 1960, mwaka ule ule ambao ubingwa wake ulifikia mwisho, na katika Olimpiki ya Roma dhahabu ya daraja hiyo hiyo, kilo zile zile, ikavaliwa na kijana wa miaka 18 kutoka Louisville aliyeitwa Cassius Clay. Yule tuliyekuja kumwita Muhammad Ali. Madigan aliyeshinda Cardiff alipigwa na Clay katika safari hiyo ya Roma. Basi pima mwenyewe umbali ulioko baina ya bingwa wa Uganda na bingwa wa dunia. Hawa wawili walikuwa wa uzito mmoja na zama moja, na dini pia ikaja kuwa moja, lakini ulingo wao haukuwa mmoja.

Kuna hadithi nyingine watu hupenda kuisimulia, kwamba mwaka 1955 Amin alikuwa mchezaji wa akiba wa Afrika Mashariki ilipocheza raga na timu kubwa ya Uingereza. Raga aliicheza kweli, lakini hiyo ya 1955 ni katika hadithi zilizomwota mwilini kama ndevu. Mtu akiwa mkubwa kila mtu humpa cha kuongeza, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukataa zawadi.

Tukitoka katika kipimo cha dunia, tuje kwetu. Mwaka 1962, huko Perth, George Oywello wa Uganda alishinda dhahabu ya uzito wa juu kabisa katika mashindano ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1970, Edinburgh, Benson Masanda, naye wa Uganda, akaichukua dhahabu hiyo hiyo ya uzito wa juu. Hawa ndio mabingwa wa uzito wa juu wa Uganda ambao walivuka mipaka wakarudi na kitu. Ni watu wangapi leo wanaoyajua majina yao? Tukienda kwenye madaraja mengine orodha hurefuka. Leo Rwabwogo alipata shaba Mexico na fedha Munich. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa huko Havana mwaka 1974, kisha mwaka 1979 akatwaa taji la dunia la kulipwa nchini Japani, na aliyempokonya mwaka 1981 hakuwa mtu mdogo, alikuwa Sugar Ray Leonard. John Mugabi alipata fedha ya Olimpiki mwaka 1980, akampiga Hagler makonde ambayo waliyoyaona mwaka 1986 hawajayasahau, ijapokuwa alianguka raundi ya 11, na mwaka 1989 akawa bingwa wa dunia wa baraza la ndondi la WBC. Hawa walikutana na watu.

Sasa turudi kwa mtu wetu, kwa sababu maisha yake hayakuishia ulingoni, na laiti yangeishia hapo.

Mwaka 1949 kikosi chake kilipelekwa kaskazini mwa Kenya dhidi ya Wasomali waliokuwa wakipigana na serikali. Ilipofika 1952 vita vya Mau Mau vikaanza, na Keya ikatupwa misituni. Mwaka 1953 kituo cha polisi cha Naivasha, si mbali na kambi yake ya zamani, kilivamiwa na wapiganaji wakachukua silaha. Katika vita hivyo Amin alipanda kuwa koplo, kisha sajini. Mwaka 1959 alifikia cheo cha efendi, cheo cha juu kabisa alichoweza kupewa askari Mwafrika, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kuvishwa uluteni. Ngazi ile ya ngumi na utiifu ilikuwa imemfikisha.

Mwaka 1962, miezi michache kabla ya Uganda kuwa huru, alitumwa Turkana, kaskazini mwa Bonde la Ufa, kuwanyang'anya silaha watu waliokuwa wakiibiana ng'ombe na Wakaramojong. Baada ya kikosi chake kuondoka walionekana Waturkana waliouawa, na wengine walisema waliteswa. Walikuweko wakubwa wa Kiingereza waliotaka ashtakiwe. Gavana akamuuliza Milton Obote, aliyekuwa ashakuwa waziri mkuu, na Obote akaona kwamba kumshtaki mmoja wa maofisa wawili Waafrika karibu na siku ya uhuru si jambo jema. Akaonywa tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo raundi ambayo refa alipaswa kusimamisha pambano. Nimeifikiria mara nyingi, na kila mara huwafikiria wale Waturkana, ambao hata barazani Nakuru, mji wa bonde hilo hilo, hakuna aliyewataja mpaka yule mtu wa makamo alipofungua mdomo kwa mara ya pili. Ndipo tulipojua kwamba kwao ni huko.

Januari 1964 askari waliasi Tanganyika, kisha Jinja, kisha Lanet hapa hapa ubavuni mwa Nakuru. Jomo Kenyatta aliwaita Waingereza wakauzima uasi wa Lanet na wakosaji wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Uganda nayo iliwaita Waingereza, lakini askari walipewa nyongeza kubwa ya mshahara, na Amin akapanda tena, mara hii mbio. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore, akatwaa nchi.

Sisi wa Pwani tukumbuke vyema, tusijifanye wageni. Walikuweko wengi waliofurahi. Rais Mwislamu, anayesema Kiswahili cha kambini ambacho hata kibarua wa bandarini alikielewa, anayewacheka Waingereza hadharani. Mwaka 1972 alipowapa Wahindi siku 90 wafunge mizigo yao, wako waliopiga makofi kwenye mitaa yetu. Mwaka 1974 Uganda ilipoingia katika jumuiya ya nchi za Kiislamu, makofi yakazidi. Ami yangu mmoja alikuwa na picha yake ukutani, kando ya picha ya Al-Kaaba. Nisingeliandika hili kama mwenyewe angalikuwa hai, maana baadaye aliiondoa akaificha, na tuliobaki na mahali pale peupe ukutani hatukumuuliza.

Akiwa rais alirudi ulingoni. Alipigana na Peter Seruwagi, kocha wa mabondia wa taifa, mbele ya watu na wapiga picha, na bila shaka mshindi alikuwa rais. Mzee wa Ravine aliitaja hiyo kama hoja. Nami namuuliza kwa heshima zote, ni refa gani wa Kampala ambaye jioni ile angeuinua mkono wa kocha? Pambano la namna hiyo haliingii katika hesabu ya bondia yeyote. Wakati ule alikuwa akijipa vyeo kama mtu anayejaza kapu, jemadari mkuu, rais wa maisha, mshindi wa dola ya Uingereza. Medali ambazo hakuzipata Vancouver wala Cardiff sasa zilimlemea kifuani.

Kisha Februari 1976 akakumbuka Gilgil. Alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi kilomita 32 kufika Nairobi, ni ya Uganda kwa asili. Na ajabu ni kwamba ramani aliyoishika haikuwa ya uongo yote. Hadi mwaka 1902 nchi hii ya Naivasha, Nakuru na Ravine ilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, na Ravine ilikuwa na kituo cha serikali hiyo. Mwingereza alipoona reli imefika ziwani akauhamisha mpaka kwa karatasi, ili reli yote iwe chini ya mkono mmoja. Hakuuliza Mmaasai wala Mkalenjin, na miaka 74 baadaye Amin naye hakuwauliza. Kenya ikawaka maandamano. Bandarini Mombasa makuli walikataa kuigusa shehena ya Uganda. Nilikuwa mtoto mdogo wa chuo, na marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa makuli hao. Nakumbuka alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida, akavua viatu, na mama akauliza kama amefukuzwa kazi. Siku chache bila mzigo ni siku chache bila posho, na sisi tulikula muhogo kwa chai ya rangi kwa sababu ya askari mmoja aliyetamani kambi yake ya zamani. Amin akarudi nyuma, akasema hakumaanisha vita.

Safari ya pili hakurudi nyuma. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, yakaua, yakaiba ng'ombe, yakachoma. Na katikati ya mambo hayo akatoa pendekezo ambalo dunia ililicheka, kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, na refa awe Muhammad Ali. Nyerere alikuwa mtu mwembamba wa miaka 56, mwalimu wa skuli. Watu walidhani ni mzaha. Mimi naona ndipo mahali pekee alipotuonyesha alivyojifikiria tangu ujana wake mpaka utu uzima. Kwake jambo lolote lilikuwa ni mtu mmoja mbele ya mtu mwingine, na mwenye mwili mkubwa ndiye mwenye haki. Nyerere hakujibu kwa ngumi. Jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni likavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Bingwa alikuwa ameshaondoka.

Kuna kichekesho kidogo hapo. Yule refa aliyependekezwa alikuja Afrika Mashariki kweli, Februari 1980, ametumwa na Rais Carter wa Marekani awashawishi Waafrika wasiende Olimpiki ya Moscow. Alifika Dar es Salaam. Nyerere hakumpokea, kwa kuwa aliona si heshima nchi kutumiwa mwanamichezo badala ya balozi. Ali akaendelea na safari, akaja Nairobi, na watu wakamshangilia kwa ngumi zake, si kwa ujumbe aliobeba.

Makisio ya waliouawa katika miaka minane ya Amin hutoka 80,000 hadi 300,000, na wako wanaotaja zaidi. Alikuwamo jaji mkuu Benedicto Kiwanuka mwaka 1972, alikuwamo Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977, na walikuwamo Waislamu wengi ambao majina yao hayakuandikwa na mtu. Na alipoondoka, walioachwa wakilipa deni walikuwa Waislamu wengine. Mwaka 1979 huko Bushenyi, magharibi ya Uganda, Waislamu waliuawa na majirani zao, na kosa lao kubwa lilikuwa kuitwa majina kama yake. Hili wale waliopiga makofi mitaani kwetu hawakulisikia, au walilisikia wakainamisha vichwa.

Yeye alikwenda Libya, kisha Saudia, wakampa nyumba na posho kwa sharti asijiingize katika siasa. Mwaka 1989 alijaribu kurudi kupitia Zaire akarejeshwa. Alikaa Jeddah miaka zaidi ya ishirini, mwendo mfupi kutoka Makka, mahali ambapo wazee wetu huuza shamba zima la minazi ili wafike mara moja. Figo zilimshinda, akafa tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa katika makaburi ya Ruwais. Msomaji ameona kwamba baba yangu nimemwita marehemu na yeye sikumwita hivyo. Maalimu wetu alitufunza kwamba neno hilo ni dua, maana yake aliyerehemewa, na kwamba anayerehemu ni Mmoja tu, hatushauriani naye. Kwa hiyo silitumii wala simkatazi anayelitumia.

Hukumu ya ngumi basi. Katika mabingwa wa uzito wa juu wa dunia Idi Amin hana nafasi hata kwenye mlango, kwanza kwa kuwa hakuwa wa uzito huo, pili kwa kuwa ulingo wake haukupita Uganda na kambi za Keya. Kwa Afrika Mashariki, nawatanguliza Oywello na Masanda kwa wale wa uzito wa juu, na Kalule, Mugabi na Rwabwogo kwa wengineo, na baada yao kundi kubwa la waliorudi na medali shingoni. Nyuma ya hao, pamoja na mabingwa wa nchi walioshika taji la nyumbani kwa miaka mingi, hapo namwachia kiti, na ni kiti cha haki, hakikutolewa kwa chuki. Wale watu wa Turkana, Kagera na Bushenyi hawakuingia katika hesabu hii ya ngumi, na hesabu yao haiko mikononi mwa mwandishi wa gazeti.

Najua watu wa Nakuru watalalamika kwamba orodha nzima haina maana bila Waruinge juu yake. Waruinge alikuwa wa kilo 57, wala hakuwa Mganda, lakini nenda ukawaambie. Na mzee wangu wa Ravine, kama gazeti hili litamfikia, asinikasirikie. Nikija tena Bondeni kahawa nitanunua mimi.